Dakika Tano za Taamuli Katikati ya Pirika za Kila Siku: Mwongozo kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Watu wengi wanaosema kwamba hawana nafasi ya kukaa kimya hata kwa dakika tano husema kweli kuhusu pirika zao, lakini hukosea kuhusu sababu. Mwalimu wa skuli anayeishi Mwanakwerekwe, ambaye huamka kabla ya adhana, akawatayarisha watoto, akapanda gari mbili hadi kazini na akarudi alasiri na furushi la madaftari ya kusahihisha, dakika tano anazo. Anachokosa ni pahala pamoja panapojulikana ambapo dakika hizo zitakaa kila siku bila ya yeye kuzitafuta upya. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi katika kutafuta pahala hapo, na maneno machache zaidi katika namna ya kupumua, ambayo kwa hakika ni nyepesi.

Taamuli inayozungumzwa hapa ni kazi ndogo isiyo na siri. Mtu hukaa, akaiweka akili yake juu ya kitu kimoja, mara nyingi pumzi, akili ikatoroka, naye akatambua kwamba imetoroka, akairejesha bila ya kujigombeza. Mizizi yake ya kale imo katika mila za Kihindu na za Kibudha, lakini umbo lake la kitabibu, lisilofungamana na ibada yoyote, lilijengwa kuanzia mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo ya wiki kadhaa katika skuli ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Mwaka 2014 jarida la tiba la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yaliyohusisha watu zaidi ya 3,500. Waandishi wake waliona nafuu ya wastani katika wasiwasi, sononeko na maumivu, lakini hawakupata ushahidi kwamba taamuli inashinda mazoezi ya viungo au dawa. Basi nafuu ipo, nayo ina mipaka, na anayekuuzia mafunzo kwa kukuahidi kwamba yatakuondolea sukari na presha ni wa kupitwa.

Kabla ya kuendelea, lipo swali ambalo hapa kwetu huulizwa mapema, na ni haki liulizwe: je, jambo hili linagongana na dini? Kukaa na kuisikiliza pumzi hakuhitaji kutamka neno lolote, kuelekea upande wowote, wala kuamini lolote, kwa hiyo mwenye kukuletea maneno ya Kisanskriti ya kukariri unaweza kuyaacha na usipungukiwe na kitu. Muhimu ni kutochanganya mambo. Taamuli si swala, si badala ya uradi, na haifanywi ndani ya swala, ambamo akili ina jambo lake la kulihudhuria. Mwenye shaka amuulize sheikh anayemuamini, na amueleze hasa anachokifanya badala ya kumtajia jina lake tu, kwa kuwa jina linabeba mambo mengi ambayo yeye hayafanyi.

Hatua ya kwanza: tafuta tendo la kulitundikia

Usichague saa, chagua tendo. Anayejiambia kwamba atakaa saa mbili kamili za usiku atakuta siku hiyo pana mgeni, kesho umeme umekatika, na keshokutwa amesahau. Tendo ambalo tayari unalifanya kila siku, hata ukiwa umechoka au umekasirika, lina nguvu ya kuvuta jengine nyuma yake. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionesha katika kazi yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayejipangia kwa sentensi ya namna ya “likitokea hili, nitafanya lile” hutekeleza zaidi kuliko yule aliyeazimia tu. Basi iandike sentensi yako, kwa mfano: “Nikishatoa salamu ya alfajiri na kumaliza uradi wangu, kabla sijanyanyuka juu ya mswala, nitakaa pumzi 33.” Namba hiyo ina maana yake, na itaelezwa chini.

Kwa Wazanzibari walio wengi, tendo la namna hiyo lipo mara tano kwa siku, na lina sifa ambayo wenzetu wa nchi za mbali hawanayo. Visiwa vyetu viko karibu na ikweta, kiasi cha nyuzi 5 na 6 kusini yake, kwa hiyo nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima. Muislamu wa London huona alfajiri yake ikisogea kwa saa kadhaa baina ya Juni na Disemba, hali ya kuwa yetu hubakia takriban pale pale, na mwili huizoea.

Kati ya nyakati hizo tano, mimi naipendelea alfajiri, si kwa utukufu wake tu bali pia kwa sababu simu bado hazijaanza kuita, watoto hawajaamka, na hewa ina ubaridi kidogo hata katika miezi ya kaskazi. Adhuhuri huwafaa wa maofisini, ikiwa watakaa kabla ya kurudi mezani na si baada ya kuufungua tena ujumbe wa kwanza. Alasiri huwafaa wenye maduka Darajani, ambao asubuhi yao haina upenyo. Magharibi siipendekezi kwa mwenye familia: kutoka hapo hadi isha nyumba imo katika chakula, watoto wamerudi chuoni, jirani anapiga hodi. Baada ya isha utasinzia, na kusinzia ni jambo jema, lakini si hili.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hivyo nitakaa kidogo. Tendo ulilolichagua lazima liwe linatokea kweli kila siku katika maisha yako wewe. Mwanamke aliyeitundika taamuli yake kwenye swala ataikosa siku za hedhi, na wiki moja ya kukosa inatosha kumfanya adhani kwamba ameshindwa, kumbe ni kigingi tu kilichong'oka. Dawa yake ni kuitundika kwenye adhana yenyewe, au kwenye tendo la kukaa juu ya mkeka ule ule, ambavyo vyote viwili vipo mwezi mzima. Mkristo wa hapa anaweza kuifuatisha na sala zake za asubuhi, na asiye na ratiba ya ibada aifungamanishe na birika la chai: gesi ikishawashwa, anakaa mpaka maji yachemke.

Mama anayelima mwani Paje au Jambiani ana shida nyengine. Siku zake zinaongozwa na maji kuliko saa, na maji hutoka yakichelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo akiitundika taamuli kwenye kutoka nyumbani kwenda pwani, itamhama kila siku, na siku za maji mafu, ambazo hateremki kabisa, haitakuwepo. Yeye pia aiweke alfajiri, kabla hajajua bahari inataka nini kwake siku hiyo.

Na Pemba, msimu wa karafuu unapovunja kila ratiba, naona ni bora mtu asishindane nao. Usiku, pale watu wanapokaa kuchambua, kazi yenyewe inaweza kuwa taamuli kwa muda mfupi. Unashika kishada, unahisi kidole gumba kikiikokota karafuu kutoka kwenye kikonyo, unasikia ule mkwaruzo mdogo inapoachia, unahisi utomvu ukinata baina ya vidole, na kwa vishada 12 vya mwanzo hujibu mazungumzo wala huyaanzishi. Vikishapita hivyo, rudi katika soga na wenzako.

Hatua ya pili: pahala na mkao

Baraza ya nje haifai, ingawa ndiko kwenye upepo. Kila apitaye atatoa salamu, na salamu haiachwi bila ya jibu. Baada ya jibu zitafuata habari za nyumbani, za watoto na za bei ya samaki. Kaa ndani, ukumbini au chumbani, na uwaambie wa nyumbani mapema. Sentensi moja inatosha: “Nikiwa nimekaa pale nisubirini kidogo, nikinyanyuka nitakusikilizeni.” Watoto wadogo watakuja tu kukuuliza kama umelala, na katika wiki ya mwanzo watakuja zaidi ya mara moja. Wajibu kwa upole, kisha endelea ulipokuwa.

Kaa kitako juu ya mkeka au mswala huku umekunja miguu, na uweke mto mgumu au blanketi lililokunjwa chini ya makalio, ili magoti yawe chini kuliko nyonga. Bila ya kuinuka huko mgongo hupinda baada ya dakika mbili na kiuno kikaanza kulalamika. Anayeumwa magoti akae juu ya kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote zikiwa sakafuni, mgongo ukiwa hauegemei. Usilale chali baada ya alfajiri, kwa sababu hutaamka mpaka gari limeshapita. Feni iwashe ukitaka, maana katika joto la Februari jasho linalotiririka shingoni litachukua akili yako yote. Macho unaweza kuyafumba, au kuyainamisha ukatazama nakshi moja ya mkeka.

Hatua ya tatu: kikao chenyewe

Weka kiganja kimoja juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua. Vuta pumzi kwa pua mpaka uhisi kiganja kinasukumwa nje, ukihesabu polepole hadi 4, kisha iachie kwa pua hiyo hiyo ukihesabu hadi 5. Usibane pumzi katikati. Mtu mzima aliyetulia hupumua kwa kawaida baina ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kwa hesabu hii utashuka hadi mara 6 au 7. Kurefusha utoaji wa pumzi kuna sababu yake: moyo huenda kasi kidogo tunapovuta na hupunguza mwendo tunapotoa, kazi inayopitia katika mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana mtu aliyetishika hupumua kwa kukatakata, na ndiyo maana njia hiyo hiyo inaweza kutumiwa kwa kurudi nyuma.

Baada ya pumzi tano au sita za namna hiyo, ondoa mkono na uache hesabu ya 4 na 5. Mwili utakuwa umeshaushika mwendo wake. Sasa chagua pahala pamoja ambapo pumzi inasikika vizuri zaidi kwako, ama ncha ya pua, ambapo hewa huingia ikiwa baridi na kutoka ikiwa ya vuguvugu, ama kifuani, ama tumboni, na ubakie hapo hapo. Usibadilishe kila mara kwa kutafuta palipo bora.

Muda unaweza kuupima bila ya simu, na mimi nashauri hivyo, kwa kuwa simu iliyochukuliwa kwa ajili ya kengele ndiyo hiyo hiyo yenye makundi ya WhatsApp. Tumia pingili za vidole. Kidole gumba kikizigusa pingili tatu za kila kimoja cha vidole vinne vilivyobaki, mkono mmoja unakupa pumzi 12, ambazo kwa mwendo wa sekunde 9 ni kama dakika 2 kasorobo hivi. Mwenye tasbihi ya punje 33 akivuta punje moja kwa kila pumzi atamaliza katika dakika 5, na hiyo ndiyo maana ya ile namba iliyotajwa juu. Anayeona si adabu kuitumia tasbihi yake kwa jambo lisilo dhikri abakie na vidole, ambavyo havisahauliki nyumbani. Ukilazimika kutumia simu, izime data kwanza, uiweke nyuma yako, na uchague mlio usiokushtua.

Hatua ya nne: akili inapotoroka

Itatoroka kabla hujafika pumzi ya nne. Utajikuta unapiga hesabu ya ada ya skuli, au unamjibu mtu aliyekuudhi jana, kwa maneno mazuri kuliko uliyoyatumia jana. Hapa wanaoanza hudhani wameharibu kikao, wakaacha, ilhali kule kugundua kwamba umetoroka, na kurudi, ndiyo kazi yenyewe. Aliyerudi mara 20 katika dakika tano amefanya kazi zaidi ya yule aliyekaa amepumbaa akafurahi. Ukigundua, liite lile jambo kwa neno moja ndani ya moyo, kama “ada” au “ugomvi”, kisha rudi kwenye pumzi inayofuata. Hesabu ikikupotea, usirudi mwanzo wa mkono. Endelea na pingili ambapo kidole kipo. Kurudi mwanzo kunakuwa adhabu, na hapana mtu anayependa kuja kila siku kuadhibiwa.

Jambo likiwa ni la kweli na la haraka, kwa mfano umekumbuka kwamba hukumpelekea mtu fedha za dawa, basi simama ukafanye. Taamuli haifai kuwa kisingizio.

Kelele ni sehemu ya maisha ya mitaa yetu. Jogoo wa jirani, pikipiki isiyo na ekzosi, jenereta la dukani umeme unapokatika, muuza boflo anayepita na baskeli akipiga kengele: hayo hayatanyamaza kwa ajili yako. Badala ya kuyapinga, yafanye kwa pumzi kadhaa kuwa ndicho kitu cha kusikilizwa. Isikie sauti inavyoanza, inavyokaribia, inavyokwisha, bila ya kumfikiria mwenye pikipiki na malezi yake.

Usingizi ukikujia, fumbua macho na unyooshe mgongo. Ukikujia kila siku, tatizo si taamuli bali saa za kulala, na hapo dakika tano ni bora zitumike kitandani usiku.

Hatua ya tano: kukuza bila ya kujitesa

Katika wiki mbili za mwanzo kaa pumzi 12 tu, hata ukijisikia kutaka zaidi. Lengo la wiki hizo ni kukifanya kigingi kishike, na jambo fupi kupita kiasi ni gumu kulikataa. Wiki ya tatu nenda kwenye 33. Dakika kumi zingoje mpaka dakika tano ziwe zinakuja zenyewe, na zisipokuja kamwe, tano zinatosha.

Uzoefu unachukua muda gani? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010 walikuta kwamba muda wa katikati ulikuwa siku 66, lakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo wa tabia hiyo. Kwa hiyo usiwasadiki wanaosema siku 21, na usijihesabu umeanza upya kwa sababu ya msiba ulioulazimu ukoo mzima kwenda Wete. Ukirudi, kaa siku ya pili yake.

Ramadhani hupindua kila kitu, na mwenye busara hujipanga kabla ya mwezi kuandama. Usiku ni wa tarawehe, alfajiri inakuja baada ya daku ukiwa na tumbo zito, na mchana koo ni kavu. Pumzi 12 katika ile nusu saa ya mwisho kabla ya futari, kwa asiye na zamu ya jikoni, hukaa vizuri. Mwenye zamu ya jikoni azifanye akiwa amesimama anakoroga uji, mkono ukizunguka na pumzi ikifuatana nao, akitazama mvuke badala ya saa ya ukutani.

Vikao vidogo vya katikati ya mchana

Mara kigingi cha asubuhi kikishashika, zipo nafasi ndogo za kuongeza, nazo hazihitaji kukaa kitako. Ndani ya gari ya abiria, baina ya Amani na Darajani, pumzi sita macho yakiwa wazi zinatosha. Katika foleni ya benki elekeza akili kwenye nyayo, uzito unavyohama mguu hadi mguu. Simu ya mtu anayekutaabisha ikiita, iache iite mara mbili, toa pumzi moja ndefu, ndipo upokee. Katika boti ya Pemba, bahari ikichafuka katika mkondo, usifumbe macho: tazama mstari wa upeo wa bahari na uhesabu pumzi hapo, kwani kufumba macho na kuinama humzidishia mtu kichefuchefu. Anayeendesha bodaboda asijaribu lolote kati ya haya mpaka amesimama na kuzima injini.

Wanaopaswa kujihadhari

Mwenye pumu asilazimishe hesabu ya 4 na 5. Apumue kama mwili unavyotaka na awe anaisikiliza tu. Mtu aliyepitia jambo la kutisha, mwenye huzuni nzito isiyomwacha, au anayesikia sauti wasizozisikia wengine, anaweza kukuta kwamba kukaa kimya na macho yamefumbwa kunamzidishia badala ya kumpunguzia. Huyo afumbue macho, asimame, atembee, na asijilazimishe kurudi mpaka azungumze na daktari. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili, na aliyeko Pemba anaweza kuanzia hospitali ya Chake Chake. Dawa ulizoandikiwa usizipunguze wala usiziache kwa sababu umejisikia vizuri baada ya wiki za taamuli; hilo ni la kuamuliwa na aliyeziandika.

Na ikiwa baada ya mwezi mzima bado unakosa siku nyingi kuliko unazokaa, usiongeze nia wala usijilaumu, bali hamisha kigingi. Aliyejaribu alfajiri na akashindwa kwa sababu mtoto mchanga huamka wakati huo huo, ajaribu dakika zile za baada ya kumlaza mchana. Aliyejaribu adhuhuri ofisini akakuta wenzake wanamsubiri waende kula pamoja, ajaribu ndani ya gari la kurudi nyumbani. Andika sentensi nyengine ya “likitokea hili, nitafanya lile”, uirejee kwenye pumzi 12, na uipe wiki mbili kabla ya kuihukumu.